Mtu wa Ruiru Aliyeniambia "Nipe Sauti"

Nyinyi vijana mtakaosoma haya kwa simu zenu, msiruke mistari. Najua vile mnasoma. Mnaangalia juu, mnaangalia chini, halafu mnasema mmemaliza. Haya someni neno kwa neno, kwa sababu si hadithi ya kutisha watoto. Ni kitu kilinipata mimi, jua likiwa juu, macho yakiwa wazi na miwani ikiwa usoni. Pombe sijawahi kuonja. Kichwa changu ni kizima, muulize mtu yeyote hapa Thika. Ningewaambia kwa mdomo, maana kuandika kunanichosha na shule niliwacha mapema nikapelekwa kuchuna kahawa. Lakini kwa mdomo siwezi tena. Mtaona ni kwa nini, na mtaona ni kwa nini nimekasirika.

Nianze na mjukuu wangu. Ni mtoto wa kwanza wa kijana wangu, na kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo jina lake ni jina langu. Lenyewe sitaliandika hapa. Mimi humwita Wajina. Baba yake akiwa na furaha humwita "maitu", yaani mama, kwa sababu akimwita yeye ni kama ameniita mimi. Mtu akisimama kwa geti aite hilo jina, sisi wawili tulikuwa tunaitika pamoja, halafu tunaanza kuulizana ni nani anatafutwa. Tulikuwa tunacheka sana.

Wajina anaimba kwa bendi. Aliponiambia bendi inaitwa Mifupa Mikavu, mimi nikafurahi. Si mnajua ile mifupa ya Ezekieli, kule bondeni, ikapata nyama ikasimama? Nikajua ni bendi ya kanisa. Nikajivuna mbele ya akina mama wenzangu. Sasa, wakapanga kuzunguka wikendi moja, Ijumaa Thika, Jumamosi Ruiru, Jumapili Membley. Baba yake akakataa. Alisema msichana hawezi kuzunguka na wavulana hivyo bila mtu mkubwa. Ni mimi nilisema nitaenda naye. Nikamwambia kijana wangu, "Vile nimemtoa, ndivyo nitakurudishia." Hayo maneno yalitoka kwangu, na mimi si mtu wa kusema kitu halafu nisikifanye.

Ngai! Hiyo Ijumaa.

Chumba kilikuwa juu ya duka la vipuri. Watu walikuwa wachache, wote wamevaa nyeusi kama wametoka matanga moja. Kijana wa ngoma ni Muchiri, na hizo ngoma alikuwa anazipiga kama mtu anayeua nyoka. Wa gitaa ni Jasi, kijana wa Masingasinga wa hapa Thika, mwenye heshima, anaongea Kikuyu kushinda wajukuu wangu. Gari la duka la baba yake ndilo lilikuwa linabeba vyombo. Lakini hilo gitaa lake lilikuwa linalia kama mashine ya kukata mabati. Halafu Wajina akafungua mdomo. Mimi nilikuwa nangoja haleluya. Msichana akanguruma! Akanguruma kama ng'ombe aliyezuiwa maji.

Alipomaliza akaja kwangu akitoa jasho, meno yote nje. "Cucu, umeonaje?" Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na vijana wengine husema Shosho.

"Ni nani amekukanyaga?" nikamuuliza.

Walicheka mpaka Muchiri akakaa chini. "Shosho, wewe unafaa kuwa kwa hii bendi," akaniambia. "Hiyo sauti yako inatoboa ukuta."

Hapo hakudanganya. Sauti yangu ilikuwa inajulikana. Kanisani ni mimi nilikuwa naanzisha wimbo na wengine wananifuata. Nikiita mtu kutoka jikoni, aliye kwa barabara ya lami anageuka. Nilizaliwa nayo, na mama yangu alikuwa nayo.

Kuna kitu kingine cha hiyo Ijumaa mnapaswa kujua. Kabla ya kuanza, bendi hupima sauti. Kuna mtu hukaa kwa mashine yenye vifungo vingi, na anawaambia mmoja mmoja, "Nipe sauti." Wa gitaa anapiga kidogo. "Nipe sauti" tena, wa ngoma anapiga. Ikifika kwa Wajina, yeye anasimama kwa maiki na anajibu kwa madaha, "Chukua hiyo!" Wote wanacheka. Ndiyo desturi yao. Mimi niliona, nikaelewa, nikanyamaza.

Jumamosi tukaenda Ruiru, na hapo ndipo nilianza kuchoka na hii kazi. Ukumbi uko nyuma ya baa ya mama mmoja anaitwa Mama Shiro. Tulifika asubuhi kama alivyotuambia, tukapata mlango umefungwa na yeye mwenyewe ameenda kununua nyama. Tukangoja kwa jua. Akarudi, akasema ufunguo uko na kijana wa kuosha vyombo. Kijana wa kuosha vyombo akasema ufunguo uko na Mama Shiro. Nikawaambia nyinyi wawili mnanifanya mjinga. Ufunguo ulipatikana ndani ya aproni yake, akasema, "Haiya, kumbe!" Kumbe nini? Mtu mzima!

Ndani ya ukumbi kulikuwa na vumbi na giza kidogo, na dirisha moja juu. Vijana wakabeba spika, wakapanga, wakaunganisha waya. Mtu wao wa sauti alikuwa anatoka Githurai 45, mtu sikuwa nimewahi kumwona. Wakimpigia simu anasema amefika Kahawa. Wakimpigia tena, bado amefika Kahawa. Mimi nikasema, kwani Kahawa imekuwa mbinguni? Mwishowe Jasi akanong'onezana na wenzake, akaniletea kiti cha plastiki. "Cucu, tuchungie vitu. Tunakuja sasa hivi." Wakaenda wote watatu. Hawakuniambia wanaenda wapi, na sasa hivi ya vijana mnaijua.

Nilikaa. Njaa ilikuja ikapita. Mlango wa mbele nilikuwa naona vizuri, hakuna mtu aliingia. Ndipo pazia la nyuma ya jukwaa likasogea, mwanaume akatoka hapo.

Alikuwa mtu wa makamo, shati safi limefungwa mpaka shingoni, na vile vitu vya kusikilizia vya masikio vimening'inia shingoni. Nikajua ndiye wa Githurai. Nikamwanza hapo hapo.

"Wewe ndiye umengojwa tangu asubuhi? Huna haya? Watoto wa watu wamekaa njaa!"

Akatabasamu. "Nisamehe, mama," akasema. Na niaminini, hiyo sauti haikutoka kwake. Ilitoka kwa spika iliyokuwa kando ya ukuta, na ilikuwa sauti ya mzee sana, mzee mwenye kifua kibaya. Akaenda kwa mashine ya vifungo, akainama. "Tupime kidogo," akasema, na sasa ikawa sauti ya mwanamke kijana, laini, yenye lafudhi ya Ukambani. Niligeuka kumtafuta huyo mwanamke. Hayuko. Nikamtazama mtu mdomoni. Midomo ilikuwa inatembea, lakini inachelewa, maneno yamefika kwangu na midomo bado inayatafuta.

Mtaniuliza, Cucu, mbona hukukimbia? Nikimbie niende wapi na nimeachiwa vitu? Na tena tangu jana yake nilikuwa nimesikia kutoka kwa hizo spika mambo ambayo si ya binadamu. Nilifikiri ndiyo teknolojia yao. Nyinyi wenyewe simu zenu zinaongea na hakuna mtu ndani. Nilijua vipi hii ni tofauti?

Akainua kichwa, akataja jina. Jina langu, lote, la kwanza na la pili, vile liliandikwa kwa posta, lile tangazo la bendi lililobandikwa mlangoni. Alilitaja kwa sauti ya mtoto mdogo. "Ni wewe?"

Posta ilikuwa inasema Wajina. Lakini nani ana hilo jina kabla yake? Nilijibu vile ningejibu popote. "Ndiyo mimi. Mimi ndiye mwenyewe, huyo mwingine amepewa tu."

Nafikiri alikuwa anashangaa. Halafu akanionyesha maiki kwa mkono, nikaenda nikasimama, kwa sababu nilitaka kazi iishe.

"Nipe sauti."

"Moja, mbili," nikasema, vile nilisikia wakisema.

Akatikisa kichwa. "Hiyo ni kidogo. Nipe sauti yote."

Sasa hapo hasira ikanipanda. Tangu asubuhi, ufunguo, jua, njaa, Kahawa, na sasa mtu aliyechelewa ananisumbua kwa maneno! Nikamwambia kwa nguvu zangu zote, ukumbi ukaitika, "Chukua! Chukua yote uende nayo, mradi hawa watoto waanze nirudi kwangu!"

Hilo neno "kwangu" ndilo la mwisho kutoka kwa mdomo wangu.

Haikuuma. Ni kama ule wakati gari linateremka haraka masikio yanafunga, sasa kwangu ilikuwa ni koo. Kitu kilivutwa, polepole, kama uzi unatolewa kwa pindo la nguo. Mtu yule akasimama, akaanza kukunja waya vile wanakunja, kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko. Mkononi hakukuwa na waya. Alipomaliza akagusa shingo yake, akakohoa kidogo, akaniambia, "Asante sana, mama yangu. Mungu akubariki."

Kwa sauti yangu. Na mdomo haukuchelewa.

Nikafungua mdomo nimwite "Wewe!" Hakuna kitu. Pumzi tu. Akapita nyuma ya pazia, nikamfuata mbio na haya magoti yangu, nikalivuta. Nyuma ya pazia ni ukuta, na kreti za soda zimepangwa mpaka juu, na vumbi juu yake halijaguswa.

Vijana wakarudi wakisukuma jenereta kwa mkokoteni. "Pole Cucu," Jasi akasema, anafuta jasho. "Stima ilipotea kabla tufike. Ploti nzima hakuna hata taa. Hatukutaka kukuambia usije ukagombana na Mama Shiro. Tumezunguka Ruiru yote tukitafuta hii kitu ya kukodisha."

Mmesikia? Hakukuwa na stima. Zile spika zilikuwa zimekufa muda wote.

Basi nikaanza kuwaeleza. Nilielezea kwa mikono, nikaonyesha pazia, nikashika koo. Wajina akasema, "Cucu amenuna." Muchiri akasema, "Hata mimi ningenuna, tumemwacha sana." Wakanibembeleza na chapati! Nikachukua posta moja, nikaandika nyuma kwa kalamu ya Jasi: MTU AMECHUKUA SAUTI YANGU. Nikampa Muchiri. Akawasomea wenzake, macho yakawaka.

"Shosho! Hii ni jina la wimbo! Hii ni kali!"

Nilitaka kumpiga na kiti. Hebu fikirieni, mtu anaibiwa kitu mchana, anapiga ripoti, na ripoti inafanywa wimbo.

Yule wa Githurai mwenyewe akafika baadaye, kijana mfupi mnene anayetafuna miraa. Jenereta ikawashwa, akakaa kwa mashine, akamwambia Wajina, "Haya, dada, nipe sauti." Wajina akafungua mdomo ajibu ile desturi yao. Mimi nilikuwa nimesharuka. Nikamfunika mdomo kwa mkono wangu mbele ya watu wote.

Akauondoa polepole. "Cucu, jameni. Unaniaibisha." Akaangalia uso wangu, akaona machozi, na mimi silii ovyo. "Cucu? Kuna nini kwa ukweli?" Nikashika koo tena, nikatikisa kichwa. Akageukia maiki. Hakusema "chukua". Aliimba tu, na sauti yake ilikuwa nzima. Nilikaa mbele yake hiyo jioni yote nikiangalia pazia, na kwa mara ya kwanza hiyo kelele yake ilikuwa tamu kwangu. Jumapili Membley, kwa gereji ya tajiri fulani, nilikaa hivyo hivyo. Nikamrudisha kwa baba yake vile nilimtoa. Neno langu nilitimiza.

Sasa hesabu ya kuishi bila sauti, nani atanisaidia? Daktari aliingiza mwanga kooni, akasema kila kitu kiko sawa, nipumzike. Pasta aliniombea, halafu akaniambia pengine Mungu anataka nisikilize zaidi. Pengine yeye ndiye anafaa kusikiliza. Majirani wananipigia kelele sikioni, "CUCU, UMEAMKAJE!", kana kwamba mimi ni kiziwi. Masikio yangu ni mazima! Kanisani mtu mwingine anaanzisha nyimbo, anazianzisha juu sana, wote wanakwama katikati, na mimi nimekaa pale naangalia tu. Wajukuu wadogo wakikosa, zamani ningesema neno moja. Siku hizi napiga sufuria na mwiko, na wanadhani chakula kimeiva, wanakuja mbio wakifurahi.

Lakini hiyo ningevumilia. Nawaandikia kwa sababu ya kile kilifuata.

Ilikuwa siku ya kufua. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimekaa kwa kigoda, nachambua maharagwe kwa beseni. Wajina alikuwa mbele anaanika nguo. Geti letu ni la mabati, mtu aliye nje haonekani. Nikasikia mtu anamwita mjukuu wangu.

Ilikuwa mimi.

"Wajina! Kuja unifungulie, mikono yangu imejaa! Ama umelala?" Hivyo hivyo nilikuwa nasema nikitoka sokoni. Hata kile kikohozi kidogo cha mwisho. Nilijisikia niko nje na mimi niko ndani.

Wajina akapiga kelele ya furaha. "Cucu! Cucu amepona!" Nikasikia beseni lake linaanguka, na slipa zinakimbia kwa simiti kwenda getini. Ungefanya nini? Mtu mwingine yeyote angepiga nduru, angesema simama. Mimi nilifungua mdomo mpaka taya likauma. Hewa. Niliinuka nikaanguka, nikainuka. Nikazunguka nyumba, nikamwona msichana ameshika komeo, uso wote unacheka. Nikainua beseni langu na maharagwe yake yote nikalitupa ukutani.

Akaruka, akageuka. Akaniona. Nimesimama pale, mdomo wazi, kimya, maharagwe yananimwagikia miguuni. Na huko nje ya geti sauti yangu inaendelea kugomba.

"Mbona umenyamaza, mtoto wangu? Nipe sauti nijue uko hapo."

Wajina aliniangalia mimi, akaangalia geti. Nilimwona akielewa. Yale yote niliandika nyuma ya posta yaliingia kichwani mwake wakati huo huo. Akatoa mkono kwa komeo kama limemchoma, akajifunika mdomo kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume mpaka akanifikia. Tukashikana.

"Nipe tu kidogo," ikasema. Ilikuwa inabembeleza. Mimi sijawahi kumbembeleza mtu, na kusikia sauti yangu ikitumiwa hivyo kuliniudhi kuliko kulivyoniogofya. Halafu tukasikia viatu vinaondoka, bila haraka.

Jioni mama jirani akanipungia mkono kwa ukuta. "CUCU!" akanipigia kelele. "Nimefurahi sana kukusikia leo ukigomba kwa geti! Tulikuwa tumekukosa!"

Wajina bado anaimba, sikumkataza. Wakipima sauti, mimi hukaa kando ya mashine na fimbo yangu, na neno "chukua" halitamkwi. Nanyi vijana, wa bendi, wa kanisa, wa kuongea kwa maiki za mikutano, mtu akikuambia umpe sauti, muulize kwanza anaitwa nani na umwangalie mdomo akijibu. Na ukiwa na jina la mtu mwingine, jua unaitikia kwa niaba ya wawili.

Wakati mwingine usiku Wajina huja kitandani kwangu. Anasema anakumbuka nikimgombeza, na siku hiyo kwa geti, kabla hajageuka, alikuwa amefurahi kuliko siku zote. Ananiuliza, "Cucu, na ikirudi nikiwa peke yangu?" Ndiyo sababu nilichukua makaa nikaandika upande wa ndani wa geti, herufi kubwa, na nikawapanga wote mbele yake, kijana wangu, mke wake na watoto, nikapiga fimbo chini mpaka kila mmoja akasoma kwa mdomo wake:

MKISIKIA SAUTI YA CUCU HAPA, SI CUCU. CUCU HUGONGA KWA FIMBO NA HUNYAMAZA. ANAYEITA, ASIFUNGULIWE NA ASIJIBIWE.